Msambazaji Ni Nani?

"Sasa huyo msambazaji ni nani?"

Bibi aliuliza akiwa ameketi chini ya mwarobaini, miguu kainyoosha, kanga ya pili kajifunika kichwani kukinga ule upepo wa Kongwa usiojua kupumzika. Macho yake yalikuwa kwenye bango lililobandikwa asubuhi hiyo kwenye ukuta wa zahanati: mtoto mwenye nzi usoni, na juu yake, kwa herufi nyekundu, ZUIA USAMBAZAJI WA TRAKOMA.

Mhudumu wa afya akadhani Bibi hajui trakoma ni nini. "Ni vikope, Bibi. Ule ugonjwa wa macho."

"Vikope navijua, mwanangu, nimeng'oa kope kwa kibano mpaka vidole vimechoka. Nauliza anayesambaza. Soda ina msambazaji, anakuja Jumanne na gari. Mtandao una msambazaji, si wameandika pale?" Akanyoosha kidole kuelekea mnara mpya wa simu nyuma ya shule. Kwenye uzio wake kulikuwa na kitambaa cheupe kirefu kinachopigapiga kwa upepo: TUNASAMBAZA MAWASILIANO. "Na vikope navyo vina msambazaji, mmeandika wenyewe. Nauliza tu, ni watu wale wale?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Neno lile nililiandika mimi.

## Mtafsiri akutana na msomaji wake

Kazi yangu ni kutafsiri. Nakaa chumbani Ipagala na kompyuta, feni na chupa ya chai, napokea mafaili ya Kiingereza, narudisha ya Kiswahili, nalipwa kwa neno. Msomaji simwoni. Safari hii mradi wa trakoma ulinialika nikaone mabango yanavyopokelewa, nikafikiria zaidi mlenda wa huko kuliko mabango, nikapanda gari.

Swali la Bibi lilikaa nami kiti cha nyuma kupitia Mbande hadi Dodoma mjini. Wiki ya sita sasa, halijashuka.

Maana Bibi alikuwa sahihi, tena kwa sarufi. Moto husambaa. Harufu ya vitunguu husambaa. Habari za msiba husambaa. Lakini ukishaiweka ile "z", ukasema kusambaza, umeshaleta mtu. Pana mkono, pana gari, pana ratiba, pengine pana na faida. "Usambazaji wa trakoma", kwa sikio la mtu anayetumia Kiswahili kununulia chumvi, maana yake mahali fulani kuna ghala la vikope na dereva wake.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mwenyekiti wa kijiji alinieleza pembeni. Mnara ulijengwa kiangazi. Kiangazi maji yanakuwa mbali, na ndoo iliyobebwa kichwani mwendo wa saa nzima haiendi kunawisha nyuso za watoto. Inaenda kwenye sufuria. Nyuso zikakaa bila maji, nzi wakajaa, macho yakawa mekundu. Kijiji kikahesabu miezi, kikajumlisha. Uvumi wa mnara ulikuwepo kabla yangu.

Mimi niliupigia mhuri tu.

## Neno liliingiaje

Nilifungua faili usiku ule ule. Nilitaka kujua ilikuwaje mtu aliyezaliwa akisikia "ugonjwa wa kuambukiza" akaandika "usambazaji".

Programu ninayotumia huhifadhi kila sentensi niliyowahi kutafsiri. Nikikutana na neno nililoshawahi kulipitia, inanipa pendekezo, nami nabonyeza kukubali. Inaokoa muda, na inahakikisha neno moja la Kiingereza linapata neno moja la Kiswahili kurasa zote. Wateja wanalipenda hilo kuliko chochote.

Miezi miwili kabla ya bango nilikuwa nimetafsiri mwongozo wa mafundi wa minara. Humo neno la Kiingereza (tuliite transmisheni, kama mafundi wanavyoliita) lilijaa kila ukurasa, nami nikalipa "usambazaji". Kwa minara halikuwa baya sana. Kisha likaja faili la macho, nikakuta transmisheni, programu ikanipendekezea "usambazaji", saa sita usiku, nikabonyeza.

Kosa lilitoka kwenye faili moja likaingia jingine kupitia mkono wangu ambao haukunawa. Sijui nilitumie kitenzi gani hapo.

Kiingereza kina mfuko mmoja, humo mnaingia kila kitu. Kiswahili hakina mfuko huo, na kwa miaka mingi nimelichukulia hilo kama upungufu. Ile laini kubwa ya kilovoti 400 inayotoka Iringa, ikapita Dodoma na Singida hadi Shinyanga, nayo ni transmisheni. Sisi tunasema inasafirisha umeme, kana kwamba umeme ni abiria. Redio inarusha matangazo. Mafua yanaambukiza. Baba anarithisha mwanawe pua. Nilipomweleza jirani yangu fundi magari shida yangu, alifuta mikono kwa tambara, akaniambia transmisheni ni giaboksi, tena nisisahau kubadilisha oili yake.

Kusafirisha, kurusha, kuambukiza, kurithisha, giaboksi. Nilikuwa nimekaa juu ya hazina hiyo yote nikachagua neno la soda.

## Nukta tatu za Marconi

Desemba 1901, Guglielmo Marconi alikaa na kisikilizio sikioni kwenye kilima cha Newfoundland, antena yake ikiwa imeinuliwa na tiara. Upande wa pili wa Atlantiki, kule Poldhu, Uingereza, wenzake walikuwa wakirusha herufi S: nukta tatu. Alisema amezisikia. Wapo waliotilia shaka mpaka leo, lakini tuseme alizisikia.

Nukta zikafika sikioni, zikaishia hapo.

Hilo ndilo lililonigusa baada ya kulizungusha siku nyingi. Redio ikipokea haigeuki kuwa kituo. Mnara wa FM unaweza kusikika kwenye redio moja au elfu kumi, wala hauchoki. Na redio yangu hata niipandishe sauti vipi, haimfanyi jirani apate matangazo ambayo mnara haumfikii. Zaidi ya hapo, mawimbi hupungua nguvu kadiri yanavyokwenda. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo. Nyuma ya majabali ya Dodoma, FM inakwama kabisa, unabaki kuzungusha antena huku mtu anapiga kelele kutoka ndani, "Hapo hapo! Usisogee!"

Ugonjwa una tabia tofauti kabisa. Aliyepokea anageuka mnara. Surua haifiki kijiji cha tatu ikiwa robo ya surua. Inafika nzima, kwa sababu kila mtoto ameitengeneza upya mwilini mwake. Wataalamu wana hesabu yao: mgonjwa mmoja, katika watu wasio na kinga, ataambukiza wangapi. Kwa surua hutaja 12 hadi 18. Idadi ikishuka chini ya mtu mmoja, ugonjwa unafifia.

Sasa tazama Kiswahili. Tunasema ugonjwa wa kuambukizana. Ile "-ana" mwishoni! Redio hazirushiani. Mzazi na mtoto hawarithishani pua. Lakini watoto wawili kwenye mkeka mmoja huambukizana. Herufi tatu zinabeba kwamba leo ni wewe kwangu, kesho ni mimi kwake. Katika mfuko wa Kiingereza hilo halionekani mpaka mtu akuchoree mchoro.

## Ncha ya kanga

Kuna kitu nilikiona siku ile sikukisema.

Wakati Bibi anauliza msambazaji ni nani, mjukuu wake wa miaka kama mitatu alikuwa ameegemea goti lake. Jicho la kushoto lilikuwa limeganda tongo. Bibi, bila kuacha kuzungumza, akashika ncha ya kanga yake, akailowesha kwa mate kidogo, akamfuta taratibu, kuanzia puani kwenda nje, vizuri kabisa. Akaja wa pili, mdogo zaidi. Akamfuta kwa ncha ile ile.

Jibu la swali lake lilikuwa mkononi mwake, nami nikanyamaza.

Trakoma huletwa na bakteria anayeitwa Chlamydia trachomatis, anayesafiri kwenye tongo na makamasi: mikononi, kwenye nguo na vitambaa vya kufutia, kwenye miguu ya nzi. Mtoto akiambukizwa mara moja anapona. Akiambukizwa tena na tena, miaka kwa miaka, ndani ya kope panajikunja kovu, kope zinageukia ndani, na kila anapopepesa zinakwaruza kioo cha jicho. Ndiyo maana Bibi ana kibano. Ndiyo maana pia wanawake huumia zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaokaa na watoto.

Yaani aliyempa Bibi ni mtoto aliyemfuta, na yule aliyemfuta kabla yake.

Nikajiuliza: ningemjibuje kwa neno langu? Kwamba msambazaji ni wewe, Bibi? Neno linalotaka mkosaji lingempata mkosaji, na angekuwa mtu mwenye upendo kuliko wote waliokuwa chini ya ule mwarobaini.

Kongwa si ngeni kwa haya. Watafiti wamekuwa wakichunguza macho ya watoto wa wilaya hii tangu miaka ya 1980, na jaribio la kuhamasisha kunawisha watoto nyuso lililofanywa huko lilichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet: watoto waliodumu na nyuso safi walikuwa na nafuu, hasa kwa trakoma kali. Ujumbe wenyewe ni wa sentensi moja. Mimi nikaweza kuuharibu kwa maneno matatu.

## Nzi bodaboda, mbu jikoni

Mwaka 1948, Claude Shannon, mhandisi wa Marekani, alichora mchoro ambao leo kila mwanafunzi wa mawasiliano anaukuta: chanzo cha habari, kirushio, njia, kelele inayoingilia, kipokezi, mwisho wa safari. Ni mchoro wa visanduku na mishale, na minara yote ya simu tunayoiona kutoka Chamwino hadi Manyoni inauishi.

Nilijaribu kuyaweka magonjwa ndani yake. Nzi alikubali. Nzi wa vikope ni bodaboda: anabeba tongo miguuni kutoka jicho hili, analishusha jicho lile, mzigo ni ule ule.

Mbu aligoma.

Ronald Ross alipopasua mbu kule Secunderabad, India, mwaka 1897 na kukuta vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo lake, alikuwa amekuta kitu ambacho waya haukijui. Ndani ya mbu vimelea vinapandana, vinazaliana, vinabadilika umbo, kisha vinahamia kwenye mate. Kazi hiyo huchukua siku kumi hivi au zaidi, kutegemea joto. Mbu akifa siku ya nane, hakuna kilichopita. Hebu fikiria simu ambayo sauti yako inaingia, inakaa humo wiki mbili inaoa na kuzaa, halafu wajukuu wa sauti yako ndio wanaomfikia shangazi.

Kwenye mchoro wa Shannon njia haina tumbo.

## Damu na lawama

Nilidhani kurithisha kungekuwa rahisi. Ni mstari mmoja, kutoka juu kwenda chini, tena Shannon mwenyewe alipitia huko: tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1940, ilihusu hesabu za urithi wa vinasaba, kabla hajajulikana kwa mambo ya simu.

Lakini mtaani kwetu kuna mama mwenye mtoto wa seli mundu. Mawifi wakija, swali lao ni lile la Bibi kwa sauti mbaya zaidi: "Ameutoa wapi? Kwetu haupo." Wanatafuta msambazaji, na wameshamchagua.

Hawajui, au hawataki kujua, kwamba mtoto hawi na seli mundu mpaka apokee nakala ya kinasaba chenye kasoro kutoka pande zote mbili. Baba ana moja, mama ana moja, wote wazima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Tatizo lenyewe ni herufi moja tu iliyobadilika kwenye maelekezo ya kutengeneza himoglobini. Herufi moja! Mhandisi wa mawasiliano angeiita kelele na kuisahihisha. Ndiyo kazi yake, anaongeza herufi za ulinzi ili upande wa pili ugundue kilichoharibika. Lakini herufi hiyo, mtu akiwa na nakala moja tu, humkinga asizidiwe na malaria. Kwenye nchi ya mbu, kosa lile lilitunzwa kizazi hadi kizazi kwa sababu lilikuwa linaokoa watoto.

Jioni moja nilimweleza yule mama mambo haya tukiwa kibarazani. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Njoo uwaambie wewe. Mimi nikisema ni najitetea."

Sijaenda bado. Nakiri.

## Nirushie

Nilirekodi sauti ya dakika mbili kueleza kwamba mnara hauhusiki na macho, nikamtumia mwenyekiti, naye akaiweka kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Ikapata vidole gumba vitatu.

Siku mbili baadaye nilipokea, kupitia binamu yangu aliyeko Singida, sauti ya mtu nisiyemjua akieleza jinsi minara inavyopofusha watoto "kule Kongwa". Ilikuwa na alama ya kutumwa mara nyingi. Ilikuwa imenizunguka na kunirudia.

Tunasema "nirushie", kana kwamba kila mmoja wetu ni kituo cha redio. Kutoka mnarani hadi simuni ni kweli kunarushwa, ni fizikia ya Marconi ile ile. Lakini kutoka kwa binamu kuja kwangu, na kutoka kwangu kama ningeibonyeza, ni "-ana" tupu. Aliyepokea anageuka mnara, na ujumbe unafika Singida ukiwa mzima kama ulivyotoka. WhatsApp wenyewe wameonekana kulijua hilo: Januari 2019 waliweka kikomo cha kutuma ujumbe kwa mazungumzo matano kwa mkupuo, na Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kwenda kwenye mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Hiyo si lugha ya uhandisi wa redio. Hiyo ni karantini.

Mwezi huo huo wa Aprili 2020, Uingereza watu walikuwa wanachoma minara kwa kuamini 5G inaleta korona. Nilicheka wakati ule. Mawimbi ya redio hayawezi kubeba kirusi, sawa na harufu ya pilau isivyoweza kubeba sufuria. Sasa sicheki sana, maana najua wangapi kati yetu tumeshika kalamu karibu na moto.

Na sauti yangu ya dakika mbili? Ilikuwa sahihi, kavu, na haikumfanya mtu yeyote atake kumwambia mwenzake.

## Simu kwa Bibi

Wiki iliyopita nilimpigia mwenyekiti, akatembea na simu mpaka kwa Bibi. Nilisikia kuku, nikasikia upepo, kisha pumzi yake karibu na spika.

"Mbukwa, Bibi."

"Mbukwa. Wewe ni yule wa bango?"

"Ndiye mimi. Nataka kulibadilisha. Ungekuwa wewe ungeandikaje?"

Hakufikiri sana. "Andika wanapeana. Watoto wanapeana kila kitu, mafua, chawa, mpaka tabia."

Niliwaandikia mradi. Wakanijibu kwa adabu kwamba "wanapeana" si la kitaalamu, wakapendekeza "maambukizi". Nikarudisha: "Watoto wasiambukizane vikope: nawisha uso kwa maji, kila mtoto na kitambaa chake." Wamesema watalijadili. Na kwenye programu yangu nimefuta pendekezo lile; sasa kila transmisheni inanijia tupu, natafuta upya, nachelewa.

Lakini siku ile ya simu, baada ya "wanapeana", nilijikaza nikamwambia kuhusu ncha ya kanga. Nilivyoiona. Kwamba ukimfuta huyu, kisha yule, kwa kitambaa kimoja, kilichoko kwa huyu kinahamia kwa yule, na kwako pia. Nikasema polepole, nikikwepa kila kitenzi chenye mkosaji.

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Kumbe," akasema. Kisha, "Mjukuu wangu, nina watoto saba humu ndani na kanga mbili."

Sikuwa na la kujibu.

"Na ule mnara?" akauliza.

"Mnara hauhusiki, Bibi."

"Haya. Basi waambie wenyewe washushe kile kitambaa chao, usiku kinapigapiga hatulali. Wakikishusha wasikitupe, waniletee mimi. Nimekipima kwa macho, kinatoa saba."